Picha zavutia, bei zafichwa: Mitandao inavyojenga na kubomoa migahawa na kumbi

*Mteja wa leo huiona sahani kwenye simu kabla hajaiona mezani, na huujua ukumbi kwa video kabla hajakanyaga mlangoni. Je, anachoonyeshwa ndicho anachokikuta?*

Dar es Salaam. Saa nne asubuhi, sufuria zikiwa bado jikoni, mama lishe mmoja wa Kinondoni anafuta mikono kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, anachukua simu na kuipiga picha sufuria ya pilau iliyofunuliwa nusu. Hana taa ya kamera wala mpiga picha. Chini ya picha anaandika: wali maharage, pilau nyama, ugali samaki. Mbele ya kila chakula anaweka bei, kisha anaitupia picha hiyo kwenye status yake ya WhatsApp.

Kabla ya saa tano, ujumbe umeanza kuingia kutoka maofisini. Pilau mbili. Ugali mmoja, pilipili iwekwe pembeni. Kijana wa bodaboda anayesubiri nje anaijua njia. Saa nane mchana sufuria zinaoshwa.

Siku hiyohiyo, katibu wa kamati ya harusi huko Tabata anapekua kurasa za Instagram za kumbi za sherehe. Anaona taa za rangi, viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, maharusi wakiingia huku moshi mweupe umetanda sakafuni. Anachotafuta ni kitu kimoja tu: ukumbi wa watu 250 unakodishwa kwa shilingi ngapi? Chini ya kila picha jibu ni lilelile: "Bei njoo inboksi."

Anakwenda inboksi. Ukumbi wa kwanza unamuuliza sherehe ni ya nani. Wa pili unamtaka apige simu. Wa tatu unamjibu baada ya siku mbili, kikao cha kamati kimeshapita.

Mama lishe ana sufuria zake na simu yenye kioo kilichopasuka. Wenye kumbi wana majengo, majenereta na vijana walioajiriwa kuposti. Lakini katika kumpa mteja taarifa anayoihitaji, mama lishe amewaacha mbali.

Hapo ndipo ulipo mgogoro wa matangazo ya mtandaoni katika biashara ya chakula na sherehe nchini. Kila mwenye mgahawa amekwishajua kwamba lazima aonekane. Wachache ndio wanaokubali kwamba kuonekana ni kuahidi, na ahadi ni deni.

Kutoka gari la matangazo hadi simu ya mkononi

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Methali hiyo ilifaa zama ambazo muuzaji na mnunuzi waliishi mtaa mmoja na sifa ya mpishi ilisambaa kwa mdomo. Mkoa wa Dar es Salaam, kwa mujibu wa Sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 5.3. Katika jiji la ukubwa huo, samaki wa kupaka anayepikwa vizuri Mbagala hawezi kujulikana Mbezi kwa harufu yake peke yake. Hata chema sasa lazima kijitembeze.

Zamani kutembea huko kulikuwa na gharama. Mgahawa mpya ulihitaji bango barabarani, tangazo la redio linalolipiwa kwa sekunde, au gari lenye spika likizunguka mitaani tangu asubuhi. Mwenye mtaji mdogo alibaki na wateja wa mtaani kwake.

Instagram ilipoanza mwaka 2010, ilikuwa uwanja wa picha za marafiki. Januari 2018 ikaja WhatsApp Business, iliyompa mfanyabiashara mdogo nafasi ya kuweka anwani, saa za kazi na majibu ya haraka kwa wateja. Mwaka huohuo TikTok iliungana na Musical.ly, na video fupi zikashika kasi. Instagram ikafuata na Reels Agosti 2020.

Badiliko kubwa lililoletwa na video fupi ni kwamba huhitaji tena kuwa na wafuasi wengi ili uonekane. Mtandao humwonyesha mtu video ya mtu asiyemfuata, mradi wengine walioonyeshwa kwanza wameitazama hadi mwisho au wameitumia wenzao. Muuza chipsi mayai wa pembeni mwa barabara anaweza kuangaliwa na jiji zima kwa usiku mmoja.

Zanzibar inao ushahidi wa wazi wa nguvu ya picha. The Rock, mgahawa uliojengwa juu ya mwamba baharini huko Michamvi Pingwe, Unguja, unafikiwa kwa miguu maji yakitoka na kwa mashua maji yakijaa. Picha moja ya mwamba ule, umezungukwa na bahari pande zote, inatosha kumfanya mgeni aliyeko Ulaya apange safari. Hakuna bango la barabarani lingeweza kuifanya kazi hiyo.

> Hata chema sasa lazima kijitembeze. Swali ni kinatembea na ukweli au na urembo peke yake.

Kwa nini bei inafichwa

Ukizungumza na wenye migahawa na kumbi, utasikia sababu kuu nne, na si zote ni za ujanja.

Ya kwanza ni ushindani. Ukiandika bei hadharani, jirani yako anashusha kidogo na kukunyang'anya wateja kabla hujajua kilichotokea.

Ya pili ni mabadiliko ya gharama. Mchele, mafuta ya kupikia, nyanya na mkaa havikai bei moja. Tangazo lililopostiwa Machi linaweza kusomwa Agosti, na mteja akaja akidai bei ya Machi.

Ya tatu ni ya kitaalamu zaidi. Kila anayeuliza "bei gani?" kwenye maoni huongeza uhai wa posti, nayo mitandao huipa nafasi zaidi posti inayozungumziwa. Vijana wanaosimamia akaunti hizo wanaijua hesabu hiyo vizuri. Kuificha bei kwao ni mbinu ya kuitangaza posti.

Ya nne haisemwi kwa sauti: bei hupangwa kwa kumwangalia mteja. Anayeuliza kwa akaunti yenye picha za gari zuri hapewi jibu sawa na anayeuliza kwa akaunti isiyo na picha.

Wateja nao wana hoja zao. Bando linalotumika kupekua kurasa ni fedha. Muda wa kubembeleza jibu ni fedha pia. Zaidi ya hapo, anayelazimika kuomba bei kwa faragha huhisi kwamba anapimwa mfuko, na wengi hufunga ukurasa na kwenda kwingine bila kuaga. Mwenye biashara hawaoni hao. Anawaona waliouliza tu, naye anaamini mbinu yake inafanya kazi.

Hoja za gharama na ushindani zina majibu mepesi. Kuandika "kuanzia" pamoja na kiasi na tarehe kunamlinda muuzaji bei inapopanda, na kunamwezesha mnunuzi kujua kama hapo ni pake. Jirani anayetaka kujua bei yako atatuma mtu aulize. Kumficha mteja hakumzuii mshindani.

Kamati ya harusi haili picha

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi kwenye kumbi. Harusi ya Kitanzania ni shughuli ya michango. Kuna kikundi cha WhatsApp, mwenyekiti, katibu, mweka hazina na orodha ya walioahidi. Fedha inayotumika si ya mtu mmoja, na kila shilingi itaulizwa kwenye kikao cha kuvunja kamati. Kitchen party, send-off na harusi yenyewe vyote vinahitaji ukumbi, chakula, mapambo, keki, muziki na MC.

Picha za ukumbi mtandaoni hupigwa usiku, taa zikiwaka, mapambo yakiwa ya sherehe ya tajiri fulani aliyelipa mpambaji wake mwenyewe. Lenzi pana hufanya chumba kionekane kirefu kuliko kilivyo. Mteja anayekodi anakabidhiwa kuta, dari na viti vitupu, kisha anaambiwa mapambo yale ni gharama nyingine.

Kuna mambo ambayo picha haisemi na ambayo huamua kama sherehe itafana. Je, jenereta lipo, na mafuta yake analipa nani? Maegesho yanachukua magari mangapi? Idadi ya watu inayotajwa ni ya kukaa mezani au ya viti vilivyobananishwa? Kuna tozo kwa vinywaji vinavyoletwa kutoka nje? Muziki unazimwa saa ngapi? Baa na kumbi zimewahi kufungiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, kwa sababu ya kelele. Hilo si dogo kwa familia iliyokwishasambaza kadi.

Na advansi: ikiwa msiba utatokea na tarehe ikasogezwa, inarudi au imeliwa? Swali hilo ndilo huleta ugomvi mkubwa, na ndilo linaloonekana kwa nadra sana kwenye kurasa za kumbi.

Ukumbi unaojibu maswali haya kwa video ya dakika moja, iliyopigwa mchana, bila mapambo, mtu akitembea kutoka getini hadi vyooni na jikoni, utakuwa umeifanyia kamati kazi ya siku nzima. Video ya namna hiyo haihitaji mpiga picha wa bei kubwa. Inahitaji mwenye ukumbi asiyeogopa kuonekana alivyo.

> Michango ya harusi ni fedha ya watu. Anayeipokea anawajibika kusema anauza nini.

Sahani ya kamera na sahani ya meza

Kwenye migahawa, tatizo huanzia sahanini. Anayepiga video hujua kwamba mvuke wa pilau hauishi dakika nyingi, kwa hiyo simu husimamishwa kwanza, chakula ndipo kitoke. Kachumbari huwekwa mwisho kabisa isije ikanywea. Hadi hapo hakuna kosa. Ni ufundi wa kukionyesha chakula kikiwa katika ubora wake.

Kosa huanza pale vipande vya nyama vinapoongezwa kwa ajili ya kamera. Mteja anayeona vinne kwenye simu na kukuta viwili mezani hatagombana na mhudumu. Atapiga picha. Zamani mteja aliyeudhika aliwaambia majirani. Leo anawaambia maelfu, na picha yake ya sahani haina taa wala urembo, kwa hiyo inaaminika zaidi.

Kuna hatari nyingine inayosahaulika: tangazo kufanikiwa kupita uwezo wa jiko. Video ikisambaa Ijumaa, Jumamosi watu wanafurika. Jiko lenye majiko mawili ya gesi na bati moja la kuchomea kuku haliwezi kuwa jiko la watu mia mbili kwa sababu mtandao umetaka. Chakula kinachelewa, kinatoka hakijaiva, kinakwisha saa mbili usiku. Wateja wa siku zote wanakosa meza na kuondoka. Wageni wanaandika kwamba huduma ni mbovu. Wiki mbili baadaye umati umehamia kwenye video nyingine, na mgahawa umebaki na sifa mbaya peke yake.

Ndiyo maana wanaoijua kazi hii hujiandaa kwanza: hupunguza menyu, huongeza mtu jikoni, husema wazi chakula fulani kipo hadi saa ngapi. Tangazo ni amri ya kununua vitunguu zaidi kabla ya kuwa posti.

Sifa za kulipiwa

Upande wa tatu katika mjadala huu ni wa mastaa wa mitandaoni. Baadhi hulipwa fedha, wengine hupewa chakula cha bure pamoja na marafiki zao, kisha hupiga video wakifumba macho kwa utamu. Wao husema kazi yao ni kazi kama nyingine: wamejenga hadhira kwa miaka, wana kamera na muda wanaoutumia. Hoja hiyo ina haki ndani yake. Mwenye redio hutoza tangazo, kwa nini wao wasitoze?

Tofauti ni kwamba msikilizaji wa redio hujua kwamba anachosikia ni tangazo. Mtazamaji wa video anadhani anasikia ushauri wa mtu aliyekula. Instagram yenyewe, tangu 2017, ina alama ya kuonyesha kwamba posti ni ya ushirikiano wa kulipiwa. Alama hiyo ipo, haina gharama, na haitumiki inavyostahili.

Dunia imekwisha kuona sifa za kununuliwa zinavyoweza kufika mbali. Aprili 2017, tamasha la Fyre katika kisiwa cha Great Exuma huko Bahamas lilitangazwa Instagram na wanamitindo maarufu kama sherehe ya kifahari ya ufukweni. Wageni waliolipa fedha nyingi walikuta mahema ya waathirika wa majanga na maandalizi yasiyokamilika. Picha ya mkate na vipande vya jibini ndani ya boksi, iliyotumwa Twitter na mgeni mmoja, ilifuta kampeni yote. Mwandaaji wake, Billy McFarland, alihukumiwa kifungo cha miaka sita jela mwaka 2018.

Mwaka huohuo wa 2017, mwandishi Oobah Butler wa London alionyesha udhaifu wa maoni ya mtandaoni. Alikisajili kibanda cha bustanini kwake, eneo la Dulwich, kwenye TripAdvisor kama mgahawa. Baadhi ya picha za "vyakula" alizitengeneza kwa povu la kunyolea ndevu, na sifa ziliandikwa na marafiki. Novemba 2017 kibanda hicho kilishika nafasi ya kwanza miongoni mwa migahawa ya London, bila kuwa kimempikia mteja hata mmoja.

Hapa nchini, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo msimamizi wake. Upotoshaji haubadiliki kuwa halali kwa sababu umefanywa kwa simu. Mteja naye ana mipaka: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa uchapishaji wa taarifa za uongo. Anayelalamika aseme alichokula, siku aliyokula na kiasi alicholipa. Hayo yanatosha, na hakuna anayeweza kuyapinga yakiwa kweli.

Uso wa mteja si mali ya ukumbi

Jambo moja linafanywa kila wikiendi kana kwamba halina mwenyewe. Mpiga picha wa baa au mgahawa huzunguka mezani, hupiga picha za watu wakila, wakicheza, wakiwa wamekaa na wenza wao, na kesho yake nyuso hizo ziko kwenye ukurasa wa biashara kama tangazo. Hakuna aliyeulizwa.

Kenya imeonyesha gharama ya mazoea hayo. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya Sh1.85 milioni za Kenya kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila ridhaa yake. Kwa biashara nyingi za ukubwa wa kati, kiasi hicho kinaweza kumeza faida ya miezi kadhaa.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya kuisimamia. Picha inayomtambulisha mtu si jambo la kuchezea. Mhudumu anaweza kuuliza kwa sentensi moja: tunaomba kukupiga picha kwa ajili ya ukurasa wetu, unaridhia? Atakayekataa aachwe ale kwa amani.

Muziki nao una wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda msanii, na wimbo uliowekwa kwenye tangazo la biashara ni kazi ya mtu.

Usijenge kwenye kiwanja cha kukodi pekee

Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilidorora Afrika Mashariki, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mgahawa ambao oda zake zote hupita mtandao mmoja ulipoteza siku.

Akaunti pia huibiwa. Mfanyakazi anaacha kazi akiwa na nywila, au tapeli anatuma kiungo cha uongo, na wafuasi wa miaka mitano wanapotea. Walioumizwa zaidi ni wateja wanaoendelea kutuma advansi kwa namba ya mwizi wakidhani wanalipa ukumbi.

Kinga inajulikana. Akaunti isajiliwe kwa namba na barua pepe ya mwenye biashara, si ya kijana anayeposti. Uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe. Lipa Namba yenye jina la biashara itangazwe mara kwa mara, na mteja aambiwe asilipe kwingine. Namba za wateja wa kudumu, kwa ridhaa yao, zihifadhiwe nje ya mtandao. Mahali pawekwe kwenye Ramani za Google pamoja na saa za kufungua, kwa sababu mgeni mwenye njaa hatafuti video. Anatafuta chakula kilicho karibu naye sasa.

> Mtandao humleta mteja mlangoni. Kuanzia hapo kazi ni ya jiko, mhudumu na choo kisafi.

Nini kifanyike

Wenye migahawa na kumbi waanze na mambo manne ambayo hayahitaji mtaji: bei iandikwe, picha iwe ya kile kinachouzwa, mteja aombwe ridhaa kabla ya kupigwa picha, na masharti ya advansi yawekwe hadharani. Atakayeanza mtaani kwake atawalazimisha wengine wamfuate, kwa kuwa kamati za harusi huambiana.

Mastaa wa mitandaoni watamke wazi wanapokuwa wamelipwa. Hadhira yao haitawakimbia kwa kusema kweli. Itawakimbia siku itakapogundua yenyewe.

FCC na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ziwafikie wafanyabiashara wa chakula na sherehe kwa elimu kabla ya faini. Wengi wanaokosea hawajui kwamba kuna sheria.

Na wewe msomaji unayepanga sherehe, usilipe advansi kwa sababu ya picha. Nenda ukauone ukumbi mchana, waulize waliofanya shughuli pale mwezi uliopita, andikianeni makubaliano, kisha dai risiti.